Lillian Wald, Muuguzi Aliyefundisha Nyumba kwa Nyumba

Katika masomo yaliyotangulia umejifunza kwamba magonjwa mengi huletwa na vijidudu, na kwamba vijidudu huenea upesi mahali penye uchafu na msongamano wa watu. Umejifunza pia njia za kujikinga. Lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kusoma kitabu hiki. Je, ni nani atakayemfundisha? Sasa utasoma habari za mwanamke aliyetumia maisha yake kulijibu swali hilo kwa vitendo.

Lillian Wald alizaliwa tarehe 10 Machi, 1867, katika mji wa Cincinnati, nchini Marekani. Alikulia katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Wazazi wake hawakuwa maskini, naye alisoma katika shule nzuri. Mwaka 1889 alimwona muuguzi akimhudumia dada yake aliyekuwa akijifungua. Kazi ile ilimvutia sana, akaamua kuwa muuguzi. Alijifunza uuguzi katika Hospitali ya New York, akahitimu mwaka 1891. Baadaye akaingia katika chuo cha udaktari cha wanawake, kwa kuwa alitaka kupata elimu zaidi.

Wakati huo jiji la New York lilikuwa na mtaa wa maskini ulioitwa Lower East Side. Wakazi wake wengi walikuwa wahamiaji kutoka nchi za Ulaya, waliofika kutafuta kazi na maisha bora. Waliishi katika majengo ya ghorofa yaliyobanana sana. Vyumba vingi vya ndani havikuwa na dirisha, hivyo jua halikuingia wala hewa haikupita. Familia nyingi zilitumia pamoja bomba moja la maji na choo kimoja. Fikiri jinsi ilivyokuwa vigumu kulea mtoto mchanga mahali kama hapo.

Mwaka 1893, Lillian Wald alikuwa akiwafundisha akina mama wa mtaa huo namna ya kumtunza mgonjwa nyumbani. Asubuhi moja yenye mvua, mtoto wa kike aliingia darasani akaomba msaada, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Lillian Wald aliacha kufundisha, akamfuata mtoto huyo. Walipita njia zenye matope na takataka, wakapanda ngazi chafu, hata wakafika katika vyumba viwili. Humo walikaa watu saba wa familia moja, pamoja na wapangaji wao. Mama alilala juu ya kitanda kichafu, akiwa amejifungua siku mbili kabla, naye alikuwa akitokwa na damu. Lillian Wald alimwosha mama yule, akambadilishia matandiko, akasafisha chumba na kumtunza mtoto mchanga.

Siku ile iliyabadili maisha yake. Sasa alikuwa na njia mbili mbele yake. Angeweza kuendelea na masomo hadi awe daktari, apate heshima na mapato mazuri. Au angeweza kwenda kuishi miongoni mwa watu waliokuwa wakiugua bila msaada. Lillian Wald aliacha masomo ya udaktari. Aliona kwamba ugonjwa huanzia nyumbani, na kwamba anayetaka kuuzuia hana budi kuufuata huko huko.

Mwaka huo huo, yeye na rafiki yake Mary Brewster, aliyekuwa muuguzi pia, walihamia katika mtaa ule. Waliwatembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba. Aliyekuwa na senti kidogo alilipa. Asiyekuwa nazo alitibiwa bure. Mwaka 1895, tajiri mmoja aitwaye Jacob Schiff aliwasaidia kupata nyumba katika barabara ya Henry. Wauguzi wengine wakaja kujiunga nao. Majengo yalikuwa yamekaribiana sana, hata wauguzi waliweza kuvuka kutoka paa moja hadi jingine wakibeba mikoba yao, badala ya kushuka na kupanda ngazi kila mara.

Je, wauguzi hao walifanya nini walipoingia katika nyumba yenye watoto wadogo? Hawakutoa dawa tu. Walitenda kazi mbele ya mama, ili aone kwa macho yake na kujifunza. Walimwogesha mtoto, wakasafisha macho na masikio yake, na kueleza sababu ya kila jambo. Waliwafundisha akina mama kuyatunza maziwa ya watoto. Siku hizo maziwa mengi yaliuzwa kutoka katika makopo yaliyo wazi. Wakati wa joto vijidudu viliongezeka ndani yake haraka, na watoto wengi walikufa kwa kuhara. Wewe umejifunza kwamba vijidudu vya magonjwa hufa maziwa yakichemshwa. Kumbuka pia kwamba mwili wa mtoto mdogo una maji kidogo kuliko wa mtu mzima. Akiharisha, maji hayo hupotea upesi, na maisha yake huwa hatarini.

Nyuma ya nyumba yao, wauguzi walitengeneza uwanja wa michezo. Palikuwa na pembea, na watoto wasiojua ila vyumba vyenye giza walicheza juani. Jambo hili lilikuwa na faida kubwa kuliko walivyoweza kujua wakati huo. Leo tunafahamu kwamba mwanga wa jua huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Mtoto anayekosa vitamini hiyo hupata matege, yaani mifupa yake hulainika na miguu kupinda.

Mwaka 1902 lilitokea tatizo jingine. Madaktari wa jiji waliwakagua wanafunzi shuleni. Waliowakuta na chawa, upele, choa au ugonjwa wa macho uitwao trakoma, waliwarudisha nyumbani. Lakini huko nyumbani hakuna aliyewatibu. Mama wengi hawakuweza kuusoma waraka uliotoka shuleni, kwa kuwa haukuandikwa kwa lugha yao. Basi watoto hao walikosa masomo kwa majuma mengi, huku wakicheza na wadogo zao ambao hawajaanza shule, na kuwaambukiza. Utaona kwamba kumfukuza mgonjwa hakukuufukuza ugonjwa.

Lillian Wald aliwaomba wakuu wa jiji wamruhusu afanye jaribio. Alimtoa muuguzi mmoja, Lina Rogers, afanye kazi kwa mwezi mmoja katika shule nne zilizokuwa na wanafunzi wapatao 10,000. Muuguzi huyo aliwatibu watoto shuleni, akawafundisha usafi, kisha akaenda nyumbani kwao kuwaonyesha akina mama jinsi ya kuendelea na matibabu. Jaribio lilifaulu, na jiji likaajiri wauguzi wengine. Mwezi wa Septemba, 1902, watoto zaidi ya 10,500 walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ugonjwa. Mwezi wa Septemba, 1903, walirudishwa watoto wapatao 1,100 tu. Linganisha hesabu hizo mbili.

Hata hivyo Lillian Wald hakutosheka. Aliona kwamba serikali ya Marekani ilichunguza wadudu walioharibu pamba, lakini haikuwa na ofisi ya kuchunguza kwa nini watoto wanakufa. Yeye na wenzake, miongoni mwao Florence Kelley, waliidai ofisi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1912 ofisi ya serikali ya kushughulikia mambo ya watoto ilianzishwa. Kufikia mwaka 1913, wauguzi wa barabara ya Henry walikuwa 92, nao waliwatembelea wagonjwa kiasi cha mara 200,000 kwa mwaka.

Lillian Wald alifariki tarehe 1 Septemba, 1940, akiwa na umri wa miaka 73. Nyumba ya barabara ya Henry ingali inawahudumia watu hadi leo.

Bila shaka umewahi kumwona mama akimpeleka mtoto kliniki. Muuguzi humpima mtoto uzito, humchanja, kisha hukaa na akina mama na kuwaeleza juu ya chakula na usafi. Mafundisho hayo ni kinga sawa na chanjo. Lakini muuguzi hawezi kukaa nyumbani kwenu kila siku. Mdogo wako anakutazama wewe. Ukinawa mikono kabla ya kula, naye atanawa. Ukila bila kunawa, hilo nalo atajifunza.

Jambo la kufanya

Chukua mabeseni mawili yenye maji safi kiasi sawa. Wewe na mdogo wako mkitoka kucheza, mmoja anawe katika beseni la kwanza bila sabuni, na mwingine katika beseni la pili kwa sabuni. Tazameni maji na mikono yenu. Je, mnaona tofauti gani? Kisha kila mmoja amalizie kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Maswali

1. Kwa nini magonjwa yalienea upesi katika mtaa wa Lower East Side?
2. Kwa nini Lillian Wald aliacha masomo ya udaktari?
3. Eleza kwa nini kuhara ni hatari zaidi kwa mtoto mdogo kuliko kwa mtu mzima.
4. Kuwarudisha nyumbani wanafunzi wagonjwa hakukumaliza magonjwa. Lina Rogers alifanya nini zaidi?
5. Taja mambo matatu ya afya unayoweza kumfundisha mtoto ambaye hajaanza shule. Utamfundisha kwa njia gani?