Zélie Martin na Binti Zake Watatu

Leo tutazame jambo linalowasumbua wazazi wengi wenye vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba. Ugonjwa au msiba ukiingia nyumbani, kijana huyo ambaye jana alikuwa anaimba kwaya huanza kuuliza mbona Mungu mwema ameruhusu haya. Kuna mama mmoja wa Ufaransa aliyekutana na swali hilo akiwa mwenyewe ndiye mgonjwa.

Zélie Guérin alizaliwa mwaka 1831. Alitamani utawa, hakukubaliwa. Basi akajifunza kutengeneza lesi kwa sindano, kazi iliyoupa mji wa Alençon sifa, akafungua biashara yake na kuwapa wanawake wengine kazi. Mwaka 1858 alifunga ndoa na Louis Martin, fundi wa saa. Biashara ya mke ilistawi hata mume akaliacha duka lake la saa ili amsaidie. (Waume wanaosoma ukurasa huu, hapo mpatafakari!) Walijaliwa watoto tisa. Kati ya mwaka 1867 na 1870 walizika wanne, watatu wakiwa wachanga na Hélène akiwa na miaka mitano. Walibaki wasichana watano, na kitinda mimba ndiye yule ambaye sisi tunamwita Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu.

Kwa miaka mingi Zélie alikuwa na uvimbe titini. Mwezi wa Desemba 1876 daktari alimweleza kwamba ni kansa, na kwamba muda wa upasuaji umepita. Alirudi nyumbani akawaambia wote ukweli. Kilio kilijaa nyumba nzima, na baadaye alijuta kidogo kuwatia huzuni kubwa namna ile. Lakini naona alifanya vyema. Vijana hujua mapema kwamba kuna jambo linalofichwa, na wanapogundua wenyewe hawatuamini tena, hata tunapowaeleza habari za Mungu.

Mwezi wa Juni 1877 alikwenda Lourdes kuhiji pamoja na Marie mwenye miaka 17, Pauline mwenye miaka 15, na Léonie mwenye miaka 14. Wasichana walikwenda wakiwa na hakika kwamba mama atapona. Safari ya treni iliwachosha sana. Zélie aliingia katika maji yale ya baridi kali zaidi ya mara moja. Hakupona.

Tufikirie hali ya mabinti wale njiani wakirudi. Walikuwa wamesali, wamefanya kila walichofundishwa. Mama yao hakuwakemea kwa kuvunjika moyo, wala hakuwaambia kwamba imani yao ilikuwa haba, kosa ambalo sisi wazazi hulifanya mara nyingi. Alirudi mchangamfu hata Louis, aliyekuwa akingoja habari njema, akashangaa. Kisha alimwandikia Pauline, aliyeumia kuliko wote, akimkumbusha kwamba hata Bernadette hakuahidiwa na Bikira Maria furaha ya dunia hii bali ya ile ijayo. Wakati huohuo aliendelea kuomba apone. Hakuona kinyume chochote kati ya kuomba na kukubali.

Aliyemtia wasiwasi zaidi ni Léonie. Msichana huyo alikuwa mgumu, alishindwa shule, na kwa muda mrefu hakumsikiliza mama yake. Mwaka uleule wa 1877 iligunduliwa kwamba mtumishi wa nyumbani alikuwa akimtisha na kumtawala kwa siri. Zélie, akiwa tayari na maumivu, alimchukua karibu naye mchana kutwa, akamsikiliza bila haraka. Moyo wa binti ukafunguka. Hapo ndipo Zélie alipotamani kuishi zaidi kuliko wakati wowote, kwa ajili ya mtoto huyu mmoja. Hakujaliwa. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45.

Louis aliwahamisha watoto hadi Lisieux, karibu na mjomba wao. Marie na Pauline wakawa mama wa wadogo zao. Baadaye baba naye alipatwa na maradhi ya akili, akakaa miaka mitatu katika hospitali ya Caen. Alifariki mwaka 1894.

Wote watano wakawa watawa. Wazazi hao walitangazwa watakatifu pamoja na Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2015. Na Léonie? Aliingia utawani akatoka mara tatu. Majirani bila shaka walisema yao. Mwaka 1899, akiwa na miaka 35, alibisha tena hodi kwa masista wa Visitasio huko Caen. Safari hiyo alibaki, hadi alipofariki mwaka 1941.