Lester Young: Alikataliwa New York, akarekodi kwa jina la bandia, vijana wakamfuata

Mwaka 1934 bendi ya Fletcher Henderson jijini New York ilikuwa inatafuta mtu wa kujaza pengo la Coleman Hawkins. Hawkins ndiye aliyekuwa mfalme wa saksofoni ya tenori nchini Marekani, na alikuwa amefunga safari kwenda Ulaya.

Aliyeitwa ni kijana wa miaka 24 aliyekuwa anapiga Kansas City, Lester Young.

Shida ikaanza mapema tu. Hawkins alikuwa na sauti nene, nzito, inayojaza ukumbi mzima. Lester yeye alipuliza laini, sauti nyepesi isiyotetemeka sana, inaelea juu ya mdundo kama mtu asiye na haraka. Wenzake kwenye bendi wakaanza kunung'unika kwamba huyu siye waliyemtaka.

Lester alikuwa anakaa nyumbani kwa Henderson. Mke wa bosi, Leora, akawa anamwekea santuri za Hawkins ili ajifunze kupiga vile. Jamaa akasikiliza, lakini hakubadilika. Baada ya miezi michache akaomba kuondoka, ila alitaka kwanza barua inayosema hakufukuzwa. Alipoipata, akaondoka zake.

Msimamo wa tangu zamani

Kukataa hakukuwa kugeni kwake. Alizaliwa Agosti 27, 1909 huko Woodville, Mississippi, akalelewa ndani ya bendi ya familia iliyoongozwa na baba yake. Alianza na ngoma, akaziacha kwa sababu mpiga ngoma ndiye wa mwisho kufungasha vyombo, na akimaliza anakuta warembo wameshaondoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliiacha hata bendi ya baba yake. Ilikuwa inapanga ziara ya majimbo ya Kusini, ambako watu weusi walinyanyaswa waziwazi, na Lester hakutaka kurudi huko.

Nyimbo nne Chicago

Mwaka 1936 alikuwa kwenye bendi ya Count Basie, Kansas City. Huko hakuna aliyemwambia apige kama mtu mwingine.

John Hammond, mtu aliyekuwa na sikio la kugundua vipaji, alitaka kuirekodi bendi hiyo. Kumbe kampuni ya Decca ilishamuwahi: Basie alikuwa ametia saini mkataba wa nyimbo 24 kwa dola 750, bila mrabaha wowote.

Hammond akatafuta njia ya pembeni. Mwishoni mwa 1936 akawaingiza wanamuziki wachache wa Basie kwenye studio moja Chicago, wakarekodi nyimbo nne. Jina la Basie lilikuwa limefungwa na mkataba, kwa hiyo santuri zikatoka kwa jina la Jones-Smith Incorporated, lililotokana na mpiga ngoma Jo Jones na mpiga tarumbeta Carl Smith. Basie mwenyewe alikuwa kwenye piano, Walter Page kwenye besi, na Jimmy Rushing akaimba nyimbo mbili.

Lester alikuwa na miaka 27. Alipiga muziki tangu utotoni, lakini hakuwa ametoa hata santuri moja.

Kwenye "Oh, Lady Be Good" alipewa mizunguko miwili mfululizo ya wimbo, kama dakika moja hivi. Kwenye "Shoe Shine Boy" pia alipata nafasi ya kutosha. Ukizisikiliza solo hizo, unasikia mtu anayeuacha wimbo wa asili na kutunga mwingine papo hapo: mstari mrefu, kisha kimya kidogo, kisha noti moja anairudia huku mdundo unasonga chini yake. Ni sauti ileile iliyokataliwa New York miaka miwili nyuma.

Waliokariri

Mwaka 1937 kijana mmoja wa Kansas City alikwenda kupiga kazi kwenye milima ya Ozark, akabeba santuri za Basie na kukariri solo za Lester. Kijana huyo ni Charlie Parker, ambaye baadaye aliugeuza muziki wa jazz. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, wapigaji kama Stan Getz na Zoot Sims walikuwa wanaendesha maisha kwa sauti waliyoitoa kwa Lester.

Yeye mwenyewe hayakumwendea vizuri. Aliingizwa jeshini mwaka 1944, na mwaka uliofuata mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha mwaka mmoja kwa kosa la dawa za kulevya. Pombe nayo ikammaliza taratibu.

Alifariki Machi 15, 1959, akiwa na miaka 49, muda mfupi baada ya kurejea kutoka Paris. Alikuwa kwenye hoteli inayotazamana na klabu ya Birdland, jijini New York, mji uleule uliomtaka apige kama Hawkins.