Chemirocha na ubishi juu ya muziki wa asili

Mashabiki wa muziki wa kantri, ambao katika nchi yetu si haba, hawachoki kubishana juu ya kantri iliyo ya asili. Mmoja atakuambia kwamba kantri ilikufa pamoja na Jim Reeves katika ajali ya ndege mwaka wa 1964. Mwingine ataapa kwa jina la Hank Williams, na wa tatu atawatetea Kenny Rogers na Dolly Parton, ilhali wale wawili wa kwanza wamekwisha kuwatoa hao nje ya boma. Walimu wa muziki wanaujua ubishi wa aina hii hata kama hawana haja na kantri. Ni ule ule unaozuka kila msimu wa tamasha za shule, majaji wanapojiuliza kama wimbo uliofika mbele yao ni wa jadi au umechanganywa.

Kwa maoni yangu, ubishi huu wafaa upimwe kwa maisha ya mtu ambaye pande zote humkubali kuwa baba wa muziki huo. Mtu huyo ni Jimmie Rodgers.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na mji aliouita wake ni Meridian, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Mama yake alifariki Jimmie akiwa mtoto wa miaka ipatayo sita, naye akalelewa huku na huku na jamaa, akaonja shule kidogo na barabara zaidi. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi alishinda shindano la waimbaji chipukizi, na papo hapo akatoroka nyumbani na kufuatana na msafara wa wauza dawa, wale waliokusanya watu kwa nyimbo na vichekesho kisha wakawauzia chupa za maji yenye rangi. Baba alimfuata, akamrudisha, akampa kazi ya reli.

Hapo ndipo ilipokuwa shule yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwachotea maji vibarua waliotandaza na kunyoosha vyuma vya reli, na wengi wao walikuwa watu Weusi. Vibarua hao waliimba ili nyundo zishuke pamoja na vyuma visogee kwa nguvu moja. Kijana yule alisikia jinsi mstari mmoja unavyorudiwa mara mbili kabla ya kujibiwa na wa tatu, jinsi sauti inavyopindishwa penye uchungu, na jinsi gitaa linavyoweza kuachiwa limalizie neno ambalo mwimbaji amelikatiza. Muziki huo ndio bluzi. Baadaye alipanda cheo akawa mfunga breki wa magari ya mizigo, kazi ya kupita juu ya mabehewa katika mvua na upepo, na kutoka humo akapata lakabu iliyomfuata hadi kaburini, ya mfunga breki mwimbaji.

Mwaka wa 1920 alimwoa Carrie Williamson. Walijaliwa mabinti wawili, na wa pili alifariki akiwa mchanga mwaka wa 1923, wakati ambapo baba hakuwa hata na nauli ya kutosha mfukoni. Mwaka uliofuata Rodgers alianza kutema damu. Daktari akamwambia ana kifua kikuu. Mwanafunzi wa leo hana budi kukumbuka maana ya maneno hayo mwaka wa 1924. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya kuutibu ugonjwa huo, haikugunduliwa hadi mwaka wa 1943. Mgonjwa aliagizwa apumzike, ale vizuri na akae penye hewa safi, mambo ambayo maskini wa reli hakuwa na njia ya kuyapata. Kazi ya mabehewa ikamshinda kidogo kidogo, naye akaigeukia sauti yake kwa kuwa hakubakiwa na kingine cha kuuza.

Lipo jambo katika miaka hiyo ambalo wasimulizi wengi hulipita kimyakimya, nami naona si haki kuwaficha wanafunzi. Rodgers alirudi kwenye misafara ya wauza dawa, na humo aliigiza akiwa amejipaka uso rangi nyeusi, kwa desturi ya Weupe wa zama zile ya kuwafanyia Weusi mzaha jukwaani. Mtu aliyejifunza wimbo kutoka kwa wachimba reli alikula kwa kuwakejeli. Sisemi hivyo ili kumfuta katika historia. Nasema kwa kuwa mambo yote mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, na anayetafuta usafi wa asili hapo atatafuta sana.

Mwaka wa 1927 alikuwa Asheville, North Carolina, akiimba redioni na kikundi cha vijana wachache, aliposikia kwamba Ralph Peer, mtafuta vipaji wa kampuni ya santuri ya Victor, amefungua studio ya muda katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Kikundi kikaenda. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi wakagombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, na wenzake wakamwacha. Basi tarehe 4 Agosti Rodgers aliingia peke yake na gitaa lake, akarekodi nyimbo mbili, akalipwa dola 100. Siku chache kabla yake, katika chumba hicho hicho, walikuwa wamepita A.P. Carter, mkewe Sara na shemeji yao Maybelle, ile familia ya Carter ambayo wapenda jadi huitaja kama kipimo cha kantri ya milimani. Wachache hukumbuka kwamba baadaye A.P. Carter alipozunguka vijijini akikusanya nyimbo za kale, aliyefuatana naye na kuzishika tuni kichwani alikuwa mpiga gitaa Mweusi, Lesley Riddle.

Santuri ya kwanza haikuvuma sana. Rodgers hakungoja kuitwa. Alijipeleka kaskazini akamtafuta Peer, na tarehe 30 Novemba 1927, huko Camden, New Jersey, akarekodi wimbo uliopewa jina la Blue Yodel, ambao uliuzwa kwa malaki ya nakala. Mwili wa wimbo huo ni bluzi ya vibarua wa Mississippi. Mwishoni mwa kila ubeti huja yodeli, ule mtindo wa kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa kooni na kuirejesha, uliotoka kwa wachunga ng'ombe wa milima ya Uswisi na Austria na kuzagaa Marekani kwa vikundi vya maonyesho katika karne ya 19. Rodgers hakuwa wa kwanza kuyodeli kwenye santuri, wala wa kwanza kuimba bluzi akiwa Mweupe. Alilofanya ni kuviunganisha viwili hivyo kwa ulaini hata msikilizaji akadhani vilizaliwa pamoja. Aliuendeleza mtindo huo katika nyimbo 13 zenye jina la Blue Yodel na namba zake.

Wala hakuishia hapo. Alirekodi na Joseph Kaipo, mpiga gitaa la kuteleza kutoka Hawaii, na sauti ile tunayoambiwa leo kuwa ndiyo roho ya kantri safi ilitoka katika visiwa vya bahari ya Pasifiki. Alirekodi na bendi ya Weusi ya Louisville. Na tarehe 16 Julai 1930, mjini Hollywood, alirekodi Blue Yodel namba 9, tarumbeta ikipigwa na Louis Armstrong mwenyewe na piano na mkewe Armstrong, Lil Hardin. Majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Kampuni za zama hizo zilikuwa na orodha moja ya kuwauzia Weusi na nyingine ya kuwauzia Weupe wa mashambani, na pengo lililokuwa katika orodha hizo halikuwa studioni. Naamini sehemu kubwa ya wanachokiita watu asili ya muziki wa Marekani ilianza hapo, kwenye meza ya mchuuzi aliyehitaji kujua rafu ya kuweka bidhaa yake.

Pesa zikaja, zikaenda. Alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, mwaka wa 1929, karibu na hewa kavu ya wagonjwa wa kifua, kisha ikamlazimu aiache mauzo ya santuri yalipoporomoka pamoja na uchumi. Mwaka wa 1931 alizunguka na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha fedha za Msalaba Mwekundu kwa walioathiriwa na ukame. Mwaka huo huo alirekodi wimbo kuhusu kifua kikuu chake mwenyewe, akakitaja kwa jina, wakati ambapo familia nyingi zilikificha kama aibu.

Mwezi Mei 1933 alikwenda New York kurekodi, akijua kwamba pumzi iliyobaki si nyingi na kwamba Carrie na binti yao watahitaji cha kuwasaidia. Studioni aliwekewa kitanda. Aliimba, akalala, akainuka, akaimba tena. Alimaliza kazi tarehe 24, na tarehe 26 akafariki hotelini, umri miaka 35. Jeneza lake lilirudishwa Meridian kwa garimoshi. Alikuwa ameacha nyimbo zaidi ya 100, zote zikiwa kazi ya muda usiotimia miaka sita, na jumba la heshima la muziki wa kantri lilipoanza kuandika majina mwaka wa 1961, lake lilikuwa miongoni mwa matatu ya mwanzo.

Wakati huo santuri zake zilikuwa zimesafiri kuliko yeye. Gramafoni za Wazungu zilizileta hadi nchi ya Wakipsigis, na jina Jimmie Rodgers likapita katika ndimi za watu likawa Chemirocha, likiwa na ule mwanzo wa Che unaofungua majina mengi ya Kikalenjin. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akarekodi nyimbo tatu za jina hilo, mojawapo ikiimbwa na wasichana kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho chepkong. Tracey aliandika kwamba katika fikira za wasichana hao Chemirocha alikuwa nusu mtu na nusu swala, mchezaji hodari aliyealikwa acheze hadi nguo zimdondoke. Ndani ya wimbo huo hamna gitaa wala yodeli, bali lugha, ala na mwendo wa Kikipsigis mtupu, nao wamsifu mfunga breki wa Mississippi.

Ningependa kuwaona majaji wa tamasha zetu wakiupangia wimbo huo kundi. Zaidi ya miaka 60 baada ya Tracey kuondoka, rekodi zake zilirudishwa Kapkatet, na mmoja wa walioimba mwaka wa 1950, sasa mzee wa miaka zaidi ya 80, alikuwa hai kuisikia sauti ya ujana wake.