Mchoraji wa Giza na Nuru

Kisiwa cha Malta si kigeni katika historia ya Mkoa wa Katavi. Ndiko alikosomea uganga Adrien Atiman, mtumwa aliyekombolewa, aliyekuja Karema, magharibi ya Mpanda, mwaka 1889, akawatibu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Leo twamzungumzia mtu mwingine aliyepita kisiwani humo karibu karne tatu kabla yake: mchoraji Michelangelo Merisi, aitwaye Caravaggio kwa jina la mji wa wazazi wake.

Alizaliwa Italia mwaka 1571, na tauni ikamwondolea baba angali mdogo. Alifika Roma akiwa fukara, na mafukara ndio aliowachora, pamoja na nyayo zao chafu. Wachoraji wengi walieneza mwanga picha nzima. Yeye aliiacha picha gizani, kisha akaingiza nuru kutoka upande mmoja. Mvuvi wa dagaa wa Karema, kama mwenzake wa Unguja na Pemba, anaijua nuru ya namna hiyo. Karabai ikiwaka usiku usio na mwezi, ziwa lote hupotea, lakini uso wa mwenzako chomboni huonekana kila mkunjo, uwe wa hofu au wa furaha.

Wakubwa hawakupendezwa sikuzote. Mapadre wa kanisa moja la Roma waliikataa picha yake ya kifo cha Bikira Maria, kwa kuwa alimchora kama maiti ya mwanamke maskini, tumbo limevimba na miguu i wazi. Mchoraji Rubens akamshauri mtawala wa Mantua ainunue, nayo ikanunuliwa mwaka 1607. Kwa maoni yetu, Rubens ndiye aliyekuwa na macho.

Mtu mwenyewe hatumtetei. Alikuwa mgomvi, na mwaka 1606 alimwua mtu mjini Roma akatoroka. Malta ilimpokea, na askari watawa wa Mtakatifu Yohana wakamvika cheo chao Julai 1608. Huko alichora kuuawa kwa Yohana Mbatizaji, ambaye Waislamu humwita Nabii Yahya, katika kitambaa chenye upana wa zaidi ya meta 5. Muuaji ameinama, bikizee amejishika kichwa kwa huzuni, wafungwa wawili wanachungulia dirishani. Sehemu kubwa ya ukuta ni giza tupu. Jina lake aliliandika katika damu iliyochuruzika chini, wala hakuna picha yake nyingine yenye sahihi.

Mwaka huo huo aligombana tena, akafungwa, akatoroka gerezani. Mwezi Desemba askari wale walikusanyika katika ukumbi wa sala wenye picha hiyo, wakamvua cheo yeye mwenyewe hayupo. Alifariki Porto Ercole Julai 1610, akiwa na miaka 38, njiani kurudi Roma kutafuta msamaha. Picha hawakuiondoa, ingali mjini Valletta, ukutani pale pale.