Fangio: Fundi wa gereji aliyejibu ubishi wa mbio za magari

KWA miaka mingi wapenzi wa michezo wamekuwa wakibishana iwapo mbio za magari zinastahili kuitwa mchezo. Hoja ya wanaopinga inaeleweka kwa urahisi. Mwanariadha hutegemea miguu yake na bondia hutegemea ngumi zake, lakini dereva huketi kitini, na injini ndiyo inayofanya kazi. Hata baada ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kulitambua rasmi Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) mwaka 2013, ubishi huo haujaisha.

Miongoni mwa watu ambao maisha yao yanaweza kuupima ubishi huo ni Juan Manuel Fangio wa Argentina, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio za langalanga mara tano katika miaka ya 1950.

Fangio alizaliwa Juni 24, 1911 katika mji mdogo wa Balcarce, katika familia yenye asili ya Italia. Alianza kazi ya ufundi wa magari gereji akiwa bado mtoto, na muda wake wa mapumziko aliutumia kusakata kandanda. Ni katika soka alikopata jina la utani la El Chueco, yaani mwenye matege, jina lililodumu naye hadi uzeeni.

Alipogeukia mbio za magari hakuwa na fedha, na wakazi wa Balcarce walichanga ili apate gari la kushindania. Mwaka 1940 alishinda mbio ndefu za kutoka Buenos Aires hadi Lima nchini Peru na kurudi, umbali wa takriban kilometa 9,500. Barabara nyingi zilikuwa za vumbi na mawe, zikipita katika milima ya Andes ambako hewa ni haba. Gari lilipoharibika njiani, dereva na mwenzake ndio waliolitengeneza.

Mchezo huo ulimdai gharama kubwa. Mwaka 1948, katika mbio za Buenos Aires hadi Caracas, gari lake lilipinduka na msaidizi wake, Daniel Urrutia, akapoteza maisha. Fangio alifikiria kuachana na mashindano, lakini akarejea, na mwaka uliofuata akaanza kutamba Ulaya.

Ubingwa wake wa kwanza wa dunia aliupata mwaka 1951 akiwa na umri wa miaka 40, umri ambao wanasoka wengi huwa wamekwishatundika daluga. Mwaka 1952 aliendesha gari usiku kucha kuvuka milima ya Alps ili awahi mashindano ya Monza, Italia. Siku hiyo hiyo akaingia mashindanoni akiwa amechoka, akapata ajali na kuumia vibaya shingo. Msimu wake ukaishia hapo. Injini haikuwa imechoka. Aliyechoka alikuwa mtu.

Ushahidi mzito zaidi ulipatikana nyumbani kwao, Buenos Aires, Januari 1955. Joto lilikuwa kali kupita kiasi, na wakati huo kanuni ziliruhusu madereva kupokezana gari moja. Karibu wote walilazimika kutoka ili wapumzike. Fangio aliendesha peke yake kwa saa tatu na kushinda, ingawa mguu wake uliunguzwa na joto la chuma cha gari. Gari la Ferrari lililoshika nafasi ya pili lilikuwa limepokezanwa na madereva watatu. Gari jingine la Mercedes, la aina ileile aliyoendesha yeye, nalo lilihitaji watu watatu ili kumaliza katika nafasi ya nne.

Hata hivyo, wakosoaji nao wana la kusema. Fangio alikuwa hodari wa kutambua ni kiwanda kipi kina gari bora, na alihama bila kusita. Mataji yake aliyapata akiwa na Alfa Romeo, Maserati, Mercedes na Ferrari. Mwaka 1956 alitwaa ubingwa baada ya mwenzake katika timu ya Ferrari, Peter Collins, kumpisha kwenye gari lake huko Monza, ilhali Collins mwenyewe bado alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa. Ni dhahiri kwamba bila gari zuri hata Fangio asingefika mbali.

Lakini Agosti 4, 1957, katika mzunguko wa Nürburgring nchini Ujerumani, gari pekee halikutosha. Akiwa na Maserati, Fangio alisimama kuongeza mafuta na kubadili matairi, na kazi hiyo ikachelewa. Aliporudi njiani alikuwa nyuma ya Ferrari za Mike Hawthorn na Collins kwa zaidi ya sekunde 40. Akiwa na umri wa miaka 46, alivunja rekodi ya mzunguko mara kwa mara, na mara moja akautimiza kwa kasi ya sekunde nane zaidi ya muda aliouweka yeye mwenyewe kwenye majaribio. Aliwapita wote wawili katika mzunguko wa kabla ya mwisho, akashinda kwa tofauti ya sekunde 3.6 na kutwaa taji la tano.

Februari 1958 alitekwa nyara mjini Havana na wapiganaji wa Fidel Castro, waliotaka dunia iwatazame. Walimwachia salama baada ya siku moja hivi. Katikati ya mwaka huo alistaafu, akiwa ameshuhudia wenzake wengi wakifa, na akiwa amenusurika katika ajali ya Le Mans ya mwaka 1955 iliyoua watazamaji zaidi ya 80.

Fangio alifariki dunia Julai 17, 1995 mjini Buenos Aires akiwa na umri wa miaka 84, na akazikwa Balcarce, mji ambao tangu mwaka 1986 una makumbusho yenye jina lake. Rekodi yake ya mataji matano ilidumu hadi mwaka 2003, ilipovunjwa na Mjerumani Michael Schumacher. Kati ya mashindano 51 ya ubingwa wa dunia aliyoanza, alishinda 24, na hakuna bingwa mwingine wa dunia wa langalanga aliyeufikia uwiano huo.