Vyaelea Vimeundwa: Maisha ya Mwanamieleka Shirley Crabtree (1930–1997)

Utangulizi

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya mabaharia wa mwambao humtahadharisha mtu anayekitazama chombo kikikata mawimbi, akamsahau fundi aliyekichonga na kukitia kalafati. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyeelea kwa namna hiyo mbele ya mamilioni ya watazamaji wa runinga nchini Uingereza katika miaka ya 1970 na 1980. Jina lake halisi lilikuwa Shirley Crabtree, lakini ulimwengu wa mieleka ulimjua kama Big Daddy. Hoja yetu ni kwamba umaarufu wake hauwezi kueleweka bila kuwatazama mapromota waliomuunda, na kwamba mtu huyu aliyesifika kwa kumvua mwenzake barakoa alivishwa yake mwenyewe, ambayo hakupata kuivua.

Neno barakoa linatumiwa hapa kwa maana yake pana ya kifuniko cha uso. Kabla halijahusishwa na kinga ya maradhi, neno hili lilitaja vazi ambalo wanawake wa upwa wetu walifunikia nyuso zao. Katika mieleka ya Uingereza barakoa ilikuwa mtaji wa biashara, kama tutakavyoona.

Kuzaliwa na Malezi

Crabtree alizaliwa tarehe 14 Novemba 1930 katika mji wa Halifax, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alirithi jina la baba yake, mchezaji wa raga na mwanamieleka. Zamani Shirley lilikuwa jina la kiume, lakini baada ya Charlotte Brontë kumpa jina hilo mhusika mkuu wa kike katika riwaya yake ya mwaka 1849, wazazi wengi walianza kuwapa binti zao. Crabtree alipofikia umri wa kwenda shule, jina lake lilikuwa mzaha tayari. Alidhihakiwa na wenzake, naye akajifunza kujibu dhihaka kwa ngumi.

Baba aliiacha familia Shirley akiwa bado mtoto, na mzigo wa malezi ukamwangukia mama. Shirley na ndugu zake, Max na Brian, walikulia katika hali ya uhitaji. Alipobaleghe alikuwa na mwili mkubwa usio wa kawaida. Alijaribu raga katika klabu ya Bradford Northern, akafanya kazi ya uokoaji wa waogeleaji katika fukwe za Blackpool, na akalitumikia jeshi katika kikosi cha Coldstream Guards. Mwaka 1952 aliingia katika mieleka ya kulipwa. Ndugu zake nao waliifuata njia hiyo hiyo, na undugu huo ndio uliokuja kuamua hatima yake.

Ulingo na Wenye Ulingo

Ni vyema msomaji aelewe mieleka tunayoizungumzia. Haikuwa mashindano kwa maana ya kawaida; ilikuwa sanaa ya maigizo. Mshindi aliamuliwa kabla ya kengele kulia, na kila mwanamieleka alipewa uhusika wake, ama wa wema ama wa uovu. Hata hivyo, kuanguka kulikuwa kuanguka kweli, na mifupa iliyovunjika ilikuwa mifupa ya kweli.

Katika miaka ya 1930 fujo za ulingoni zilizidi hata mamlaka ya jiji la London ikaipiga marufuku. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kamati iliyohusishwa na jina la Lord Mountevans ilitunga kanuni mpya mwaka 1947, na mchezo ukapata heshima tena. Mwaka 1952 mapromota wakubwa, wakiwemo Dale Martin wa London na Morrell na Beresford wa kaskazini, waliungana na kuunda Joint Promotions. Waligawana nchi kama wakulima wanavyogawana konde: kila mmoja na eneo lake, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mpaka. Mieleka ilipoanza kuonyeshwa katika runinga ya ITV mwezi Novemba 1955, muungano huo ndio uliotwaa nafasi hiyo, ukaishikilia kwa zaidi ya miaka 30.

Waliobaki nje ya muungano hawakukubali kufa njaa. Kwa kuwa hawakuwa na runinga, walihitaji kitu cha kuwavuta watu kumbini, na barakoa ilikuwa miongoni mwa vivutio vikubwa. Desturi ilikuwa kwamba mvaaji angeivua siku atakaposhindwa. Kwa hiyo mtazamaji alilipa kiingilio wiki baada ya wiki akitarajia kuuona uso ambao promota hakuwa na haraka ya kuuonyesha. Paul Lincoln, mzaliwa wa Australia, alikuwa promota wa kujitegemea na papo hapo mwanamieleka wa barakoa aliyejiita Doctor Death. Aliuza tiketi mlangoni kisha akaingia ulingoni uso umefunikwa. Ndani ya muungano wenyewe, Count Bartelli aliificha sura yake kwa takriban miaka 20, hadi Machi 1966 aliposhindwa na kuvuliwa na mvaa barakoa mwingine, Kendo Nagasaki, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Hanley.

Crabtree aliingia katika vita hivi vya mapromota akiwa kijana. Alitumiwa kwa majina kadhaa, likiwemo la Blond Adonis, na kwenye miaka ya 1960 mapromota wa kujitegemea walimtangaza kuwa bingwa wa uzito wa juu. Taji hilo lilikuwa la Bert Assirati, mtu mfupi mwenye nguvu za kutisha, ambaye aliamini kwamba amenyang'anywa. Assirati hakuitambua hati ya mwigizaji. Alimwandama Crabtree kwa vitisho na kumtaka wapambane kwelikweli. Hapo ndipo ulimwengu wa maigizo ulipogongana na hasira halisi. Mwaka 1966 Crabtree aliuacha ulingo, akakaa nje kwa miaka kadhaa.

Kuzaliwa kwa Big Daddy

Alirejea mwaka 1972, akiwa amevuka umri wa miaka 40 na mwili wake umenenepa. Aliyemrejesha ni mdogo wake, Max, ambaye sasa alikuwa mpangaji wa mapambano wa Joint Promotions katika eneo la kaskazini. Max aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Kaka yake hakuwa tena na wepesi wa kucheza mieleka kwa muda mrefu, lakini alikuwa na umbo lisilosahaulika: kifua cha inchi 64 na uzito wa zaidi ya kilo 150. Alihitaji uhusika, si mbinu.

Uhusika huo ulipewa jina la mhusika katika tamthilia ya Mmarekani Tennessee Williams, Cat on a Hot Tin Roof. Tukilitafsiri neno kwa neno tutapata Baba Mkubwa, ingawa kwetu baba mkubwa ni kaka wa baba. Tafsiri hiyo haikosi maana hapa, kwani huyu alikuwa kaka mkubwa aliyeumbwa upya na mdogo wake. Vazi lake la kwanza la ulingoni, lenye herufi D kifuani, lilishonwa na mkewe, Eunice, kutokana na kitambaa cha kochi la nyumbani kwao.

Mwanzoni Big Daddy alikuwa mhusika mwovu. Mwaka 1975 alishirikiana na Martin Ruane, jitu lililojulikana kama Giant Haystacks, kuwaponda wanamieleka wadogo. Mwezi Desemba mwaka huo, katika pambano lililoonyeshwa na runinga kutoka Solihull, alimvua Kendo Nagasaki barakoa yake. Nagasaki ndiye aliyeshinda pambano hilo, lakini watu hawakuyajali matokeo. Walichokumbuka ni mkono wa Big Daddy ukikipokonya kitambaa kile. Kwa miaka mingi siri ilikuwa mali ya mapromota. Siku ile mtazamaji alihisi kwamba kuna aliyemtwalia haki yake. Nagasaki mwenyewe aliivua kwa hiari katika sherehe iliyofanyika Wolverhampton mwaka 1977, na ni mwaka 2018 tu ambapo aliyekuwa ndani yake, Peter Thornley, alichapisha tawasifu.

Kufikia mwaka 1977 Big Daddy alikuwa ametengana na Haystacks na kuwa kipenzi cha watoto na bibi wazee. Kila Jumamosi alasiri, katika kipindi cha World of Sport, umati uliimba neno moja la kutangaza kwamba kazi ni nyepesi, huku mpinzani akisukumwa kwa tumbo. Tarehe 18 Juni 1981 alikutana na Haystacks katika ukumbi wa Wembley Arena, London, na kumshinda kwa dakika chache tu.

Gharama ya Umaarufu

Ushindi wa dakika chache ulikuwa na sababu yake: mwili wa Crabtree haukuweza zaidi ya hapo. Max alibuni hila. Mara nyingi kaka yake alipambana wawili wawili, akiwa na kijana stadi upande wake. Kijana alifanya kazi ngumu, akapigwa hadi watoto wakalia, kisha Big Daddy akaingia na kumaliza mambo. Miongoni mwa vijana hao alikuwa Mjapani Satoru Sayama, aliyecheza Uingereza kwa jina la Sammy Lee, kisha akarudi kwao mwaka 1981 na kuwa nyota wa barakoa aliyeitwa Tiger Mask.

Mpangilio huo uliuza tiketi lakini uliwachosha wanamieleka. Yeyote aliyejijenga kama mpinzani wa kuogofya alijua mwisho wake ni kulaliwa na Big Daddy. Baadhi ya mafundi, kama Mark Rocco na Fit Finlay, walihamia kwa promota mpinzani, Brian Dixon. Nagasaki naye aliporejea ulingoni mwaka 1986 alikwenda kwa Dixon. Upande wa kina Crabtree ukamtumia mwigaji mwenye barakoa aliyeitwa King Kendo. Hiyo ndiyo hatari ya uso uliofunikwa: yeyote aweza kuuvaa.

Mwigaji huyo alikuwepo ulingoni Agosti 1987, katika ukumbi wa Hippodrome mjini Great Yarmouth, akishirikiana na Mal Kirk dhidi ya Big Daddy na mwenzake. Pambano lilimalizika kama yalivyomalizika mengine mengi: Big Daddy alijitupa juu ya Kirk kwa uzito wake wote. Watazamaji walishangilia. Kirk hakuinuka. Alifariki dunia usiku huo. Uchunguzi ulibaini kwamba alikuwa na ugonjwa mkubwa wa moyo, na Crabtree hakupatikana na hatia. Hata hivyo yeye mwenyewe alijilaumu. Aliendelea kupanda ulingoni hadi mwaka 1993, huku watoto wakiendelea kuimba kwamba kazi ni nyepesi.

Wakati huo tanga la mieleka lilikuwa limekwisha kushushwa. World of Sport kilikoma mwaka 1985. Mwaka 1987 ITV iliugawa muda wa mieleka baina ya kina Crabtree, Dixon na kampuni ya Kimarekani ya WWF, na Desemba 1988 ikaufuta kabisa. Mapromota waligombania runinga kwa miongo mitatu, na hatimaye wote wakaikosa. Crabtree alifariki kwa kiharusi mjini Halifax tarehe 2 Desemba 1997, akiwa na umri wa miaka 67.

Hitimisho

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kumtenga mhusika na mwandishi wake. Maisha ya Crabtree yanatukumbusha mtu wa tatu, yaani mwigizaji anayebeba maneno na vitendo alivyopangiwa na wengine. Nagasaki aliweza kuvua barakoa yake na kuishi, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na uso usiojulikana. Crabtree alionyesha uso wake kila Jumamosi, na kwa hiyo hapakuwa na kitambaa cha kuvua. Siku mwenzake alipokufa chini yake, umati ulimwona Big Daddy. Aliyebeba uzito wa kifo kile ni Shirley, mtoto wa Halifax aliyechekwa kwa jina lake. Chombo kilielea, nasi tukakishangilia. Haki ya biashara hii haitatimia mpaka tuulize pia nani alikiunda, na nani alizama nacho.