Mungu hakuwaumba wote wawe Krapf

Bila shaka kanisani kwenu wapo watu wa aina mbili. Yupo yule mwepesi wa mawazo, ambaye kila kikao huja na mpango mpya. Yupo pia mkimya, anayekalia benchi lile lile kila Jumapili na bado anaifanya kazi aliyopewa miaka kumi iliyopita. Wa kwanza humwona mwenzake mzito. Wa pili humwona mwenzake hana utulivu. Pengine wewe ni mmoja wao.

Basi tukumbuke maisha ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyezaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820. Mwaka 1846 alifika Mombasa kumsaidia Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amekwisha kuwazika mkewe na binti yao mchanga katika pwani hiyo. Pamoja walianzisha kituo cha misheni Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa.

Rebmann naye alisafiri. Tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na alipotoa habari hiyo, baadhi ya wasomi wa Ulaya walimkejeli. Lakini moyo wake haukuwa wa safari. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya Injili kukata bara zima, kutoka mashariki hadi magharibi. Rebmann aliamini kwamba mtumishi akae mahali pamoja, ajifunze lugha, awajue watu kwa majina, kisha angoje. Tofauti hiyo iliwaletea mivutano, ingawa wote walimpenda Bwana mmoja.

Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki. Waumini walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1866 alimzika mkewe, Emma. Macho yakaanza kufifia, lakini hakuiacha kazi ya kukusanya maneno ya lugha za watu, Kirabai na hata Kinyasa, alichofundishwa na mtumwa aliyetekwa kutoka bara. Wageni waliopita Rabai waliona mzee mpweke na kazi isiyo na matunda. Je, wewe ungemwonaje?

Mwaka 1875, baada ya miaka 29, alirudi kwao akiwa kipofu, akishikwa mkono na Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Aliishia Korntal, mji alioishi Krapf, akafariki mwaka 1876.

Ndugu yangu, tazama kilichofuata. Mwaka 1877 kamusi ya Kinyasa ya Rebmann ilichapishwa, na aliyeitayarisha kwa uchapaji ni Krapf. Yule mtu wa mipango mikubwa aliketi chini, akayapanga maneno ambayo mwenzake aliyakusanya kwa miaka mingi ya kukaa mahali pamoja. Naye Rebmann asingefika Rabai kama Krapf asingetangulia kufungua njia. Mmoja alifungua mlango, mwingine akalinda nyumba.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili una viungo vingi, na jicho haliwezi kuukataa mkono. Tunalisoma fundisho hilo mara nyingi tukifikiria vipawa vya kuimba au kuhubiri. Lakini hata tabia tuliyozaliwa nayo, upole au uharaka, ukimya au uchangamfu, imetoka mkononi mwa Muumba. Dhambi ndiyo ya kutubiwa. Tabia ni ya kutakaswa na kutumiwa.

Basi leo ibada ikiisha, mtafute yule ambaye mwendo wake hukuudhi. Mshukuru kwa jambo moja analolifanya ambalo wewe usingeliweza. Na kama wewe ndiye unayedharauliwa kwa sababu huonekani sana, usikate tamaa. Mungu aliyemwona Rebmann gizani kule Rabai anakuona na wewe.